NG'OMBE WA UDAKTARI
Sehemu ya Kumi na Moja: Lango la Miiba

Hajatoka.

Nalisema mapema kwa sababu wiki nzima simu yangu haikupumzika. Mama mmoja wa Usevya amenipigia mara tatu anataka kujua kama Imakulata alichomoka bomani kwa kina Masele. Mama yangu, hajatoka. Vuta kigoda tuendelee.

Na wewe uliyekosa gazeti la Jumamosi iliyopita, nakupa kwa ufupi, usinicheleweshe. Imakulata ni tabibu wa kituo cha afya cha Majimoto. Miaka sita iliyopita Mzee Machibya, mfugaji aliyejaza bonde zima kwa mifugo, alitoa ng'ombe kumi na wanane ili binti huyu akasome, maana baba yake, Nestori, ni mrina asali na mizinga haikutosha ada. Mzee Machibya sasa ni marehemu. Jumatano mchana Imakulata akapigiwa simu kwamba mke wa Masele, mtoto wa marehemu, ana mimba ya miezi minane na anavuja damu. Akajaza mkoba dawa za kuzuia damu, akapanda pikipiki ya kituo, akazimaliza kilomita kumi na mbili za vumbi bila kupumua. Aliyemfungulia lango ni Christina, mgonjwa huyo huyo, amesimama kwa miguu yake miwili. Na Imakulata alipoingia tu, Christina akarudisha gogo, lango la miiba likafungwa nyuma yake.

Hapo ndipo nilipowaacha.

"Dada Christina," Imakulata alisema, "nimeambiwa unavuja damu."

"Nisamehe," Christina alijibu. Hakuinua macho. Akageuka, akaenda zake jikoni akijishika kiuno.

Imakulata akatazama mbele. Chini ya kibanda cha nyasi walikuwa wamekaa wazee wanne wa ukoo, viti nusu duara, na kiti kimoja kitupu katikati. Mtu akiona kiti kinamsubiri namna hiyo, ajue amejadiliwa tangu asubuhi.

"Shikamooni wazee."

"Marahaba, mwanetu. Karibu kiti."

Masele akatoka kivulini. Ni mwanaume wa miaka thelathini na mitano, mpole wa sauti, kidato cha nne alimalizia Mpanda, pombe hagusi. Ningependa kuwaambia ana kovu usoni na jino la dhahabu ili mumchukie upesi. Hana.

Alinyoosha mkono. Imakulata akadhani anasalimiwa. Masele akachukua ufunguo wa pikipiki vidoleni mwake, taratibu, akautia mfukoni. "Huu nakuhifadhia, Dokta."

Wakati huo huo mama yake Masele, Bi Pudensiana, mjane wa marehemu, alikuwa ameshapitisha mkono kwenye koti jeupe na kutoa simu. "Na hii nakutunzia mimi, mwanangu. Inaweza kulia tukashindwa kuongea."

"Mgonjwa yuko wapi?"

"Hakuna mgonjwa," Masele alisema. "Tusamehe kwa uongo. Tungekuita kwa maneno ya kawaida, ungekuja?"

"Ningekuja Jumapili."

"Jumapili uko Dodoma."

Imakulata akakaa kitini. 

Ni kweli, Jumapili alitakiwa awe Dodoma. Kuna mfuko wa hisani unaochagua matabibu wa pembezoni na kuwasomesha udaktari kamili, miaka mitano, chakula, malazi, vitabu, vyote juu yao. Mwaka huu wamemchagua yeye. Mwisho wa kuripoti ni Ijumaa. Basi linaondoka Mpanda Alhamisi alfajiri, yaani kesho yake. Asipofika, nafasi anapewa aliyemfuata kwenye orodha, na nafasi ya aina hiyo haigongi mara mbili mlango wa mrina asali. Hilo ndilo lililokuwa hatarini siku ile, msomaji, usitafute lingine.

Baba mdogo wa Masele, mzee mwembamba mwenye fimbo ya mpingo, akakohoa kidogo kufungua kikao.

"Binti, ng'ombe waliingia kwa baba yako. Kweli au uongo?"

"Kweli, baba. Ulikuwa msaada. Mzee mwenyewe alisema pale uwanja wa shule, watu wote wanasikia, kwamba wake ameshaoa watatu kwa ng'ombe, na hao anatoa mtoto akasome dawa."

"Tulimsikia. Hayo yalikuwa ya uwanjani. Na ya jioni nyumbani kwenu, unayajua?"

Imakulata hakuyajua.

"Kwetu sisi ng'ombe hawaingii nyumba yenye binti bila jina. Nilikwenda kwa Nestori mimi mwenyewe. Nikamuuliza, hawa tuwaite nani? Akacheka. Akatuletea asali sahani nzima. Akasema, wazee wangu, tutaongea mbele ya safari." Mzee akaegemea fimbo yake. "Sasa tumefika mbele ya safari."

"Masele anakuoa," Bi Pudensiana alimalizia, kama mtu anayetaja siku ya mnada. "Mke wa pili. Utajengewa chumba cha dawa hapa hapa, cha bati, sakafu ya saruji. Wanawake wa maboma yote haya watakuja kwako kwa miguu."

"Nipigieni baba yangu."

Walimpigia. Masele aliweka sauti kubwa, akashikilia simu katikati ya watu wote.

"Baba, hawa wazee wanasema uliulizwa kuhusu ng'ombe, ukakubali ni mahari. Waambie si kweli."

 Nestori akasema polepole, "Waliniuliza, Imaku."

"Ukajibu nini?"

"Nilicheka."

"Baba."

"Ningesema hapana wangewaswaga usiku ule ule. Wewe ulishashona sare, mwanangu, ulikuwa unalala nayo. Nikasema akishasoma atajua mwenyewe la kufanya. Mimi mambo ya ng'ombe siyajui. Mimi najua nyuki."

Akakata simu mwenyewe.

Ilimuuma Imakulata, na asingeweza hata kumkasirikia sawasawa. Sare aliikumbuka. Nestori hakumuuza mtoto wake, naomba nyie mliokwisha kumhukumu mjue hivyo. Alifanya kile wanachofanya watu wengi wa kwao mgeni mkubwa anapouliza swali gumu, akaleta asali na kuahirisha. Ila wenzake ni wafugaji, na mfugaji ukishaacha ng'ombe wake walale zizini kwako umeshamjibu.

"Nitarudisha ng'ombe," Imakulata alisema. "Nina mshahara. Nipeni muda."

"Dawa ya deni kulipa," mzee alikubali.

"Baba mdogo, ngoja," Masele alisema. "Dokta, hatutaki ng'ombe. Ng'ombe tunao. Dada yangu alifia katikati ya mbuga tukimpeleka Mpanda kujifungua, hata kijiji cha Sitalike hatujakiona, mtoto katoa mkono tu. Mimi ndiye nilikuwa nimemshika kichwa. Baba akarudi nyumbani akasema nataka dokta wa huku. Ndiyo akatoa ng'ombe. Sasa huo mfuko wenu unakuja kuchukua mtu tuliyemsomesha sisi."

"Nitarudi nikiwa daktari kamili."

"Wote wanasema hivyo. Yule tabibu wa kwanza wa kituo chenu yuko Mwanza. Wa pili hata simu hapokei."

Imakulata wote wawili aliwafahamu.

Wakampa mpaka jua lipoe afikirie. Walinzi wawili wa sungusungu wakakaa langoni na marungu yao, wakimsalimia kwa adabu kila alipopita. Aliizunguka ile boma nzima. Miiba ilikuwa imepangwa juu kupita kichwa, imefungwa vizuri, kazi ya watu waliozoea kuzuia fisi. Akaishia jikoni.

Christina alikuwa amekaa chini, mgongo ukutani, anachambua maharage bila kuyaona.

"Kwa nini wewe?" Imakulata alimuuliza. "Wengine nawaelewa. Wewe unamfungia ndani mke mwenza kwa mikono yako mwenyewe?"

"Mimi ndiye niliyetoa hilo wazo."

Imakulata akakaa.

"Nimeolewa miaka saba," Christina alisema. "Wenzangu wote wanaitwa mama fulani. Mimi bado naitwa Christina. Wa kwanza alitoka amekufa. Wa pili alilia mara moja. Nikasikia unaondoka Dodoma, na huyu anatoka mwezi ujao. Nikamwambia Masele, ng'ombe za baba zipo, muoe yule dokta. Afadhali uke wenza kuliko kaburi."

Hapo hasira yote ya Imakulata ikakosa pa kukaa. Alitamani angekuta mtu mbaya mahali fulani ndani ya boma ile.

"Mbona unafumba macho ukiongea?"

"Kichwa. Moshi huu."

"Tangu lini?"

"Tangu jana. Na kuna vitu vinametameta mbele yangu, kama vimulimuli."

Jua lilikuwa utosini. Imakulata akakamata mguu wa Christina, akabonyeza kwa kidole gumba juu ya mfupa wa mbele. Alipoachia, shimo likabaki. Akafungua mkoba upesi, akafunga kipimo cha presha mkononi mwa mgonjwa, akasoma, akafungua, akapima tena. Mia na tisini kwa mia na ishirini.

Kifafa cha mimba kilikuwa kinabisha hodi.

Akaumwaga mkoba wote sakafuni. Dawa za kuzuia damu zilikuwepo za kutosha wanawake watano. Dawa ya kuzuia degedege haikuwepo hata chupa moja. Aliambiwa damu, akabeba za damu. Ile aliyoihitaji ilikuwa kabatini kituoni.

Akatoka mbio mpaka kwa wazee.

"Christina anatakiwa Mpanda sasa hivi. Presha iko juu sana, anaweza kuanguka kifafa wakati wowote. Tupitie kituoni nimchome sindano, kisha moja kwa moja hospitali."

Wazee wakatazamana. Mmoja akacheka kidogo, akajifuta mdomo.

"Dokta," Masele alisema, na alionekana kuumia kweli, "huo uongo tumeutunga sisi. Usiturudishie."

"Nenda kamtazame."

"Nimemtazama asubuhi. Amebeba maji ndoo mbili."

"Masele, mimi siwezi kusingizia ugonjwa. Mwite mtu yeyote wa Majimoto umuulize."

"Na sisi tulikuwa hatuwezi, mpaka leo."

Unaona mambo hayo, msomaji. Mtu ukishapika uongo, siku ukiletewa ukweli uliofanana nao huli.

Bi Pudensiana ndiye aliyeinuka. Aliingia jikoni, akakaa humo muda mfupi, akatoka na kibuyu mkononi. Uso wake ulikuwa umebadilika. Mama aliyezika watoto haambiwi na mashine nani anaumwa. Lakini hakwenda kwenye gari. Alikuja kusimama mbele ya Imakulata.

"Ni kweli anaumwa," alisema, wanaume wote wakasikia. "Ila mimi siwezi kumtoa mkwe wangu nje kwa neno la mtu wa kupita. Mke wa nyumba hii akisema gari litoke, litatoka." Akamnyooshea kibuyu. "Maziwa haya kunywa mbele ya wazee. Ukishakunywa wewe ni wa hapa."

"Mama, anaweza kufa tukiwa tunabishana."

"Basi usibishane, mwanangu."

Imakulata alikitazama kile kibuyu. Akaiona Dodoma, jengo ambalo hajawahi kuliona ila kwenye picha ya simu. Akamsikia Christina jikoni akisema na mtu ambaye hayupo. Akakipokea, akanywa. Maziwa yalikuwa mgando mzuri, mazito, ya baridi, na hilo nalo lilimkera.

Vigelegele vikapigwa.

"Nimekuwa wa hapa," alisema, akijifuta mdomo kwa mkono wa koti. "Gari litoke."

Na kweli walimtii. Dakika tano hazikuisha, pikapu ikawa imewashwa, godoro limetandikwa nyuma, Masele kambeba mke wake mikononi na kumlaza. Imakulata akaweka mguu kwenye gurudumu apande. Fimbo ya mpingo ikashuka mbele ya kifua chake, bila kumgusa.

"Bibi harusi havuki lango mpaka siku nne ziishe," baba mdogo alisema.

"Mimi ndiye dokta."

"Ndiyo. Ndiyo maana tumekuoa."

Christina akanyanyua kichwa kwenye godoro. Macho yake yalitafuta tafuta mpaka yakampata Imakulata, amesimama chini.

"Anakuja na mimi?"

"Haji," Masele alisema. "Muuguzi wa kituoni atakuchoma sindano."

"Haji?" Christina akarudia, polepole, kama anayejifunza neno geni. "Sasa lango nililifunga la nini?"

Hilo ndilo lilikuwa neno lake la mwisho kabla kifafa hakijamkamata. Mkono wa kulia ukaanza kuruka wenyewe. Shingo ikakakamaa, meno yakaumana, mwili mzima ukagonga bodi ya gari.

"Mlazeni ubavu wa kushoto," Imakulata alisema. "Msimtie kitu mdomoni. Mshikeni kichwa tu." Alikuwa ameshaikwepa fimbo alikimbilie gari, na sungusungu wawili walikuwa wameshapishanisha marungu mbele yake. Hawakumpiga. Walisimama tu, wanaume wawili wakubwa wanaotazama ardhi.

Masele alikuwa amepiga magoti nyuma ya gari, kichwa cha mke wake mikononi. Alishawahi kushika kichwa namna hiyo. Nafikiri ndicho kilichomnyanyua. Aliruka chini, akaenda langoni, akaweka mkono juu ya gogo.

"Mama, namtoa."

"Ukimtoa leo hakuna ndoa," Bi Pudensiana alisema. Sauti ilikuwa inamtetemeka, lakini alisimama pale pale. "Ng'ombe za baba yako umezitupa porini. Na huyu hatutamwona tena."

Masele akasita. Nyuma, degedege ilikuwa imekatika, na pumzi ya Christina ilitoka kwa mkoromo mbaya ambao Imakulata aliujua. Baada ya mkoromo huo huja degedege nyingine.

Masele hakuvuta gogo. Akamgeukia Imakulata.

"Niapie utarudi."

"Nitarudi. Fungua."

"Siyo hivyo." Akaonyesha kwa kidevu. Pembeni ya lango, karibu na zizi, palikuwa na kaburi la Mzee Machibya, limejengewa saruji, jina limechorwa kwa msumari kabla haijakauka. "Weka mkono pale. Sema kesho jua halijazama uko ndani ya boma hii."

Kesho jua halijazama, basi la Dodoma litakuwa limeshafika mbali.

Kuna wasomaji watasema, aape tu, kiapo cha kulazimishwa si kiapo. Imakulata naye aliliwaza hilo, na angekuwa anamwapia mtu mwingine yeyote angeapa na kusahau kabla ya Sitalike. Lakini siku ya mahafali, Mzee Machibya alisafiri mwenyewe mpaka chuoni, na kofia yake na fimbo yake, akaketi mstari wa mbele. Jina la Imakulata lilipoitwa alisimama wima, peke yake, hakuna aliyemwambia, akasimama hivyo mpaka binti akashuka jukwaani. Huyo ndiye aliyekuwa chini ya ile saruji. Asingeweza kumdanganya.

Garini mwili ukagonga bodi tena.

Imakulata akapiga magoti. Saruji ilikuwa ya moto kwa jua la mchana. Akaweka kiganja chote.

"Kesho jua halijazama," alisema, "nitakuwa hapa, Babu."

Gogo likavutwa.

Walipita langoni kwa kasi, Masele usukani, Imakulata nyuma kwenye godoro, kidevu cha Christina mkononi, akihesabu pumzi. Kituoni aliruka chini, akavunja kufuli la kabati kwa jiwe kwa sababu mwenye ufunguo alikuwa ameenda kula, akarudi na dawa, akachoma sindano gari likiwa limeshaanza kuondoka. Kabla hawajaingia mbugani degedege ilikuwa imetulia. Akaweka sikio tumboni. Mapigo ya mtoto yalikuwepo, ya haraka, lakini yalikuwepo.

Kioo cha nyuma cha pikapu kilishavunjika siku nyingi. Masele aliongea kupitia pale, bila kugeuza kichwa.

"Dokta. Ilibidi nikuapishe. Mama asingesogea pale langoni. Nikishawashusha hospitali, wewe lala Mpanda, kesho alfajiri panda basi lako. Mimi sitakutafuta, na nyumbani nitasema umenitoroka."

 Imakulata alikuwa anakitazama kiganja chake, kimebaki na vumbi jeupe la saruji. Masele alikuwa anamwachilia kwa moyo wote, lakini aliyeapiwa hakuwa yeye, alikuwa mzee aliyelala chini ya ile saruji.